Kabati Jekundu la Donkey Kong

Nina ugonjwa mmoja ambao kwa umri huu sioni kama utapona. Usiku nikikosa usingizi, nasoma matangazo ya Wamarekani wanaouza mashine za gemu zilizotumika. Siyo hizi za kuchomeka kwenye TV, hapana. Nazungumzia yale makabati ya mbao yenye urefu wa mtu mzima na tundu la sarafu, yaliyosimama kwenye baa na kumbi za michezo miaka ya 1980, na leo watu wanayanunua wakayaweke sebuleni. Mimi sinunui. Nimepanga chumba na sebule, na kabati moja lina kilo 100 na ushee. Nasoma tu, kama wengine wanavyosoma riwaya.

Neno linalopandisha bei katika matangazo hayo ni "halisi". Kabati halisi, bodi halisi, skrini halisi. Kila nikikutana nalo namkumbuka Minoru Arakawa na ghala lake.

Mwaka 1980 Nintendo ndo kwanza ilikuwa inatafuta njia ya kuingia Marekani. Arakawa, mkwe wa bosi mkuu Hiroshi Yamauchi, ndiye aliyekabidhiwa tawi hilo. Akaagiza kutoka Japani mashine 3,000 za gemu iitwayo Radar Scope, ya kutungua vyombo vya angani. Zikapakiwa melini, miezi ikapita, na zilipofika hamu ya wateja ilishapoa. Zikauzika kama 1,000. Nyingine 2,000 zikabaki zinakula vumbi, na kampuni changa haina pa kushika.

Arakawa akamwomba mkwewe gemu mpya itakayoingia kwenye makabati yaleyale. Kazi akapewa Shigeru Miyamoto, mchoraji kijana ambaye hakuwa amewahi kubuni gemu yake mwenyewe, chini ya uangalizi wa Gunpei Yokoi. Akaja na kisa cha seremala, msichana aliyetekwa na sokwe anayerusha mapipa. Seremala huyo baadaye akaitwa Mario, jina la Mario Segale, mwenye ghala ambalo Wajapani hao walikuwa wamelipanga. (Hebu fikiria jina la baba mwenye nyumba wako lijulikane dunia nzima namna hiyo.)

Vifaa vya kubadilishia vilipofika, Arakawa, mkewe Yoko na wafanyakazi wachache wakaanza kufungua makabati moja baada ya jingine. Toa hiki, chomeka kile, bandua, bandika. Rangi hawakuigusa. Ndo maana Donkey Kong za kwanza za Marekani, mwaka 1981, zilikuwa nyekundu, rangi ya Radar Scope. Zilizotengenezwa baadaye, gemu ilipokwisha kushika soko, zikawa za bluu.

Kwa hiyo ukikuta tangazo la Donkey Kong nyekundu, umekuta ya mwanzo kabisa, yaani ile ambayo kabati lake halikutengenezwa kwa ajili ya Donkey Kong. Uhalisi wake ni kwamba ni mtumba.

Na Nintendo hawakuwa peke yao. Biashara yenyewe ilikuwa hivyo. Mara nyingi mwenye baa hakuwa mwenye mashine. Alikuwepo mtu wa kati aliyenunua mashine, akazisambaza baa kwa baa, na sarafu wakagawana. Gemu ikichosha watu, sanduku linaacha kujaa, lakini mbao bado ni nzima. Utatupa? Unabadilisha cha ndani. Hata Ms. Pac-Man ilianza kama nyongeza ya kupachika kwenye mashine za Pac-Man, iliyobuniwa na vijana wa General Computer Corporation kabla kampuni ya Midway haijaichukua. Mwaka 1985 watengenezaji wa Japani wakakubaliana mpangilio mmoja wa waya, JAMMA, na kubadilisha gemu kukawa kama kubadilisha kaseti. Street Fighter II ilipoingia mwaka 1991, makabati kibao ya zamani yalitobolewa matundu mapya, maana gemu hiyo inataka vitufe sita kwa kila mchezaji. Kisha ikaja programu ya MAME mwaka 1997, watu wakang'oa bodi zote na kuweka kompyuta.

Sasa wewe mnunuzi unasimama mbele ya sanduku lililoishi maisha matatu au manne. Skrini yake ni ile ya chogo, na ni ya kuogopa kidogo: hata ukishachomoa waya ukutani inaweza kubaki na umeme wa maelfu ya volti, kwa hiyo mkono wa asiye fundi usiingie humo. Lakini kioo hicho kina kumbukumbu. Mashine iliyocheza Pac-Man miaka mingi inaunguzwa na picha ileile, hadi ukiizima unaona ile njia ya kupindapinda imebaki kwenye kioo kama kovu. Kwenye kingo za meza ya vitufe utaona alama nyeusi: hapo mtu alipumzisha sigara akasahau, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa kazini.

Wafufuaji wengi husafisha yote hayo. Kovu linaondoka na kioo, sigara inapigwa msasa. Nawaelewa, ila kuna jambo linanikera. Radar Scope leo ni adimu sana, na anayeitaka angeweza kuchukua kabati jekundu la Donkey Kong na kulirudisha lilikotoka. Angekuwa amefufua gemu moja kwa kuua kazi ya mikono ya wale watu wachache ghalani. Wasomaji wa vitabu tuna bahati. Maandishi ya Archimedes yalikwanguliwa na juu yake kikaandikwa kitabu cha sala, na bado wataalamu wameweza kuyasoma kwa mwanga maalumu bila kuzifuta sala. Kabati haliwezi. Ukitaka rangi ya chini, ya juu lazima itoke.

Wiki iliyopita nimeona moja. Ubavuni picha za Donkey Kong zimechakaa, juu limebandikwa bango la gemu ya ngumi, na mezani kuna matundu kumi na mawili ya vitufe. Muuzaji ameandika kwamba matundu hayo yanazibika kirahisi, ukipaka rangi hayaonekani kabisa.