Mwizi aliyevaa sare ya mlinzi: historia fupi ya wasafishaji wa kompyuta

Leo tuache kidogo habari za siasa na za faru wa kreta, tuzungumze kuhusu kompyuta. Nazungumzia ile iliyoko kwenye ofisi ndogo ya utalii hapa Karatu, au sebuleni kwa mwalimu, yenye barua pepe za wageni, nakala za pasi za kusafiria na hesabu za msimu mzima. Ikiingiliwa na programu ya kijasusi, utamwamini nani aisafishe? Wengi hudhani hilo ni swali la mafundi. Mimi nasema ni swali la historia, kwa sababu historia inaonyesha kuwa wezi wengi wa kompyuta waliingia wakiwa wamevaa sare ya mlinzi.

Tuanzie nyumbani. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku ile ililegezwa baadaye, lakini ilituacha nyuma. Windows XP ilipotoka mwaka 2001, wengi walikuwa ndio kwanza wanaishika kompyuta, na hapakuwa na kaka wala shangazi aliyekwisha kuumwa na nyoka huyu ili awaonye wengine. Intaneti nayo ilipitia kwenye setilaiti, ghali na ya mwendo wa kobe. Barabara ya lami ya kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro ilitutangulia kufika, kwani mkongo wa SEACOM ulizinduliwa Julai 2009. Kabla ya hapo programu zilisafiri kwa CD na flashi kutoka Arusha, na virusi vikapanda basi hilo hilo! Windows za wakati ule zilikuwa tayari kufungua zenyewe kilichomo kwenye flashi, mpaka Microsoft walipoizima tabia hiyo kwa XP na Vista kupitia masasisho ya Februari 2011.

Huko ughaibuni vita ilikuwa imeanza mapema. Mwaka 2000 Mmarekani Steve Gibson alitoa OptOut, moja ya programu za kwanza kabisa za kuondoa majasusi. Nyingine zilikuwa Ad-Aware ya Lavasoft na Spybot ya Mjerumani Patrick Kolla. Zilipatikana bure, na watu wakazipenda.

Basi matapeli wakaona soko. Wakatengeneza wasafishaji bandia. Unatembelea tovuti yako kwa amani, mara linachomoza dirisha: kompyuta yako imeambukizwa, bonyeza hapa! Ukibonyeza, inajifanya kukagua, inakuorodheshea magonjwa ambayo hayapo, halafu inadai dola zako. Machi 2005 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani (FTC) iliwafikisha mahakamani wauzaji wa Spyware Assassin kwa mchezo wa namna hiyo. Desemba 2008 ikawageukia wakubwa zaidi, kampuni ya Innovative Marketing na wenzake, wenye WinFixer, DriveCleaner na XP Antivirus. Tume ilisema zaidi ya watu milioni moja walinunua dawa hizo za uongo. Mwaka 2012 mahakama iliamuru mmoja wa washtakiwa alipe zaidi ya dola milioni 163.

Waliosaidia sana wakati huo walikuwa watu waliokaa chini na kuandika majina. Eric Howes aliweka kwenye tovuti ya Spyware Warrior orodha ndefu ya programu zisizoaminika, ili mtu aangalie kabla ya kupakua. Kazi ya kawaida kabisa, lakini iliokoa wengi.

Sasa utasema, basi nichukue jina kubwa nilale usingizi. Hapana, subiri kwanza. Wafugaji wa upande wa Ngorongoro watanielewa haraka. Mwaka 1994 kirusi cha distempa kiliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, kama 1,000 hivi, na watafiti wakakihusisha na mbwa wa vijiji vilivyo kandokando ya hifadhi. Mbwa hawa ni walinzi wa boma, na hawakuwa na nia mbaya na mtu. Lakini mlinzi ambaye hajachunguzwa hubeba ugonjwa. Hakuna aliyependekeza tuishi bila mbwa. Dawa ikawa kuwachanja.

Kwenye kompyuta mambo yalikuwa hayo hayo. Mwaka 2017 wavamizi walijipenyeza ndani ya CCleaner, programu halali, na nakala yenye sumu ikawafikia watumiaji wapatao milioni 2.27. Mwaka 2020 iligundulika kwamba Avast, kinga iliyotumiwa na mamilioni, ilikuwa ikikusanya nyendo za watu mtandaoni na kuziuza kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot. Mwaka 2024 FTC ikaitoza dola milioni 16.5. Yaani aliyeajiriwa kumzuia jasusi alikuwa naye anauza habari zako.

Kwa hiyo tujifunze nini?

Kwanza, usimchague mlinzi aliyejileta mwenyewe. Daktari wa kweli hakufuati barabarani akipiga kelele kuwa unaumwa. Dirisha la namna hiyo lifunge, usibonyeze chochote ndani yake.

Pili, tafuta ushahidi wa mtu wa tatu. Maabara za AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria hupima kinga hizi na kutangaza matokeo bure. Kisha pakua kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, usipakue kwenye tovuti ya mpita njia.

Tatu, achana na kinga ya wizi ya kwenye flashi ya rafiki. Aliyeivunja leseni ameshaifungua, na hujui alichoacha ndani. Tena hakuna haja: Windows 10 na 11 huja na Defender, ambayo Microsoft waliianzisha baada ya kuinunua kampuni ya GIANT Desemba 2004. Ila kumbuka kuwa masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Nne, uaminifu uhakikiwe kila mwaka. Kampuni huuzwa, wenye mali hubadilika.

Kwa wenzangu wa utalii hili si la hiari tena. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Mgeni anayekutumia pasi yake kutoka Ujerumani amekuamini bila kukuona. Ikivuja, atakayelaumiwa ni wewe, maana huyo tapeli wa mbali yeye hamjui kabisa.

Haya, kazi kwenu. Kabla hujafunga ofisi leo, fungua orodha ya programu zilizomo kwenye kompyuta yako, na ujiulize kwa kila moja: huyu nani alimleta?