Theluji ya Kilima Njaro

Wako watu wasemao ya kuwa mwenye kuchunguza viumbe amtilia Mungu shaka. Na wengine husema ya kuwa mwenye kumwamini Mungu hana haja ya kuchunguza. Twapenda kuwakumbusheni, ndugu wasomaji, na hasa ninyi waalimu, habari moja ya nchi zetu, mpate kuyapima maneno hayo.

Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmisionari wa Rabai, alikuwa njiani kwenda nchi ya Wachaga pamoja na kiongozi wake, Bwana Kheri. Aliona weupe juu ya mlima, akadhani ni wingu. Alipomwuliza kiongozi, alijibiwa ya kuwa ni baridi. Ndipo alipotambua ya kuwa ni theluji. Siku ile ile alikaa chini ya mti, akasoma Zaburi ya 111, isifuyo kazi za Bwana.

Watu wa pwani walisema ya kuwa mlima ule umejaa fedha, nayo yalindwa na pepo wabaya. Rebmann hakuwacheka, bali aliendelea kuuliza. Akasikia ya kuwa zamani mfalme mmoja wa Machame alipeleka watu kuutazama weupe ule. Wengi walikufa, na aliyerudi alirudi mikono na miguu yake imeharibika. Basi madhara yalikuwa ya kweli, ila yaliletwa na baridi kali, si na pepo.

Na wenye elimu nao walikosa. W. D. Cooley, mwanajiografia wa London asiyepata kufika huku, alikana habari ya theluji katika kitabu chake cha mwaka 1852. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipanda mlima hata kupita meta 4,000, theluji ikawaangukia. Hewa hupoa kadiri mtu apandavyo, yapata digrii 6 kwa kila meta 1,000, na kilele kina meta 5,895. Kwa hiyo theluji yaweza kukaa hata karibu na ikweta.

Twaona, basi, ya kuwa Zaburi ilimwambia Rebmann ni kazi ya nani. Haikumwambia maji hugandaje. Hilo ilimpasa alitazame na kuuliza.

Jambo hili si la mlimani tu. Mtoto ashikwapo na degedege, wako bado wasemao ni pepo, wakakawia nyumbani, na huku mara nyingi ni homa ya malaria, nayo ina dawa. Kumwombea mtoto ni wajibu wetu, na kumpeleka hospitali upesi ni wajibu wetu vilevile, wala mmoja hauuvunji mwingine. Waalimu, wafundisheni watoto hivyo, nao wakiuliza sababu ya jambo, msiwanyamazishe.