Kisiwa cha Nias na Wageni Wake

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wasema Waswahili. Methali hii ni njema, lakini si kila mgeni huja na uponyo. Kisiwa cha Nias, kilichoko katika Bahari ya Hindi upande wa magharibi wa Sumatra, nchini Indonesia, kimepokea wageni wa namna nyingi, na historia yake ni historia ya kupima nini cha kuwapa na nini cha kuwanyima.

Wenyeji hujiita Ono Niha, maana yake wana wa binadamu. Zamani wageni waliwafuata kwa ajili ya biashara ya utumwa, na Waaceh walikuwa miongoni mwa wanunuzi wake. Vijiji vyenyewe navyo vilipigana. Kwa hiyo watu wa kusini walijenga juu ya vilima, penye ngazi ndefu za mawe, na vijana wao walijizoeza kuruka nguzo ya mawe yenye kimo cha zaidi ya mita 2. Mchezo huo huitwa fahombo. Yasemekana shabaha yake ilikuwa kuruka boma la adui. Na aliyeivuka nguzo alihesabiwa kuwa mwanamume kamili.

Baadaye walikuja Waholanzi. Kituo chao katika ghuba ya Lagundri kiliangamizwa na tetemeko na bahari mwaka 1861. Mwaka 1863 askari wao walikichoma kijiji cha Orahili, na baadhi ya watu wake wakajenga makao mapya, Bawömataluo, yaani mlima wa jua. Mwaka 1865 walifika wamisionari wa Kijerumani. Utawala wa Kiholanzi ulipoenea kisiwani kote mwanzoni mwa karne ya 20, vita vya vijiji vilikoma. Fahombo ikapoteza kazi yake, lakini haikupoteza heshima yake.

Mwaka 1975 vijana kutoka Australia walifika Lagundri, ghuba ile ile iliyomeza kituo cha Waholanzi. Hawakutaka mtumwa wala ardhi. Walitaka wimbi, wapate kuteleza juu yake kwa ubao. Sifa za wimbi lile zikaenea duniani, na wenyeji wakajenga nyumba za kulaza wageni ufukoni. Tangu hapo mgeni huwa na mambo mawili: bahari asubuhi, na jioni kupanda Bawömataluo ili atazame nyumba ya chifu, omo sebua, na kuwalipa vijana waruke nguzo. Mwaka 1992 picha ya mruko huo ilitiwa katika noti ya rupia 1,000.

Hapo ndipo lilipo swali zito. Je, desturi inayolipiwa bado ni desturi, au ni kivuli chake tu?

Sehemu ya jawabu ilitolewa na ardhi yenyewe. Usiku wa tarehe 28 Machi 2005 tetemeko la kipimo cha 8.6 liliua mamia ya watu. Katika mji wa Gunungsitoli majengo ya saruji yaliporomoka kwa wingi, lakini nyingi katika nyumba za mbao za kale zilisalimika. Nguzo zake hazikuchimbiwa chini, bali hukaa juu ya mawe. Na nguzo za mshazari huzishika pande zote, hata nyumba huyumba pasipo kuvunjika. Mwamba wa Lagundri uliinuliwa, na wimbi likabaki.

Basi yaliyodhaniwa kuwa maonyesho ya wageni yalikuwa elimu ya wenyeji. Kuruka nguzo kwaweza kulipiwa na kusidhuru kitu, maadamu kijana hufundishwa na wakubwa wake na kujua kwa nini anaruka. Lakini fedha ya mtazamaji hainunui ufundi wa seremala, na miti mikubwa ya kujengea imekuwa adimu. Nyumba inayotazamwa tu bila ya kujifunzwa itaanguka siku moja, hata kama nchi haikutetemeka.