Machozi ya Birere

Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka. Mto wa moto ukashuka Goma, ukala nyumba na maduka ya Birere, ukaangusha Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ukafika ziwa Kivu. Watu wengi wakakimbilia Gisenyi. Sisi tuliokuwa watoto tunakumbuka mambo mawili: macho yalijaa machozi, tena vinywa vilikauka. Ginsi gani mwili ule ule utoe maji huku, uyanyime kule?

Wasomaji wapenzi, watu wa kale walidhani machozi hutoka ubongoni. Aliyewasahihisha ni Niels Stensen wa Denmark. Mwaka 1660, kule Amsterdam, aliona katika kichwa cha kondoo mfereji unaoleta mate kinywani. Mwaka 1662 akaeleza tezi za machozi. Mtu huyu akaingia Kanisa Katoliki mwaka 1667, akawa padri mwaka 1675, kisha askofu mwaka 1677. Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1988.

Lakini nani huamuru tezi? Karibu mwaka 1850 Carl Ludwig aliamsha kwa umeme mshipa wa fahamu uendao kwenye tezi ya mate ya mbwa. Mate yakatoka kwa nguvu kupita msukumo wa damu yenyewe. Basi tezi haichuji damu tu. Inafanya kazi ikiamriwa. Mwaka 1905 John Langley wa Cambridge aliipa mishipa ya namna hii jina la parasimpatiki.

Amri ya machozi hutoka kwenye shina la ubongo, hufuata mshipa wa saba wa kichwa, hupumzika katika fundo dogo nyuma ya pua, kisha huifikia tezi juu ya jicho. Moshi huanzia jichoni, huzuni huanzia ndani ya ubongo. Lakini zote mbili hushika njia hii moja. Amri ya mate hupita mshipa wa saba na wa tisa. Hofu ikizidi, ubongo huizuia, na kinywa hukauka.

Mishipa hii haitii mapenzi yetu. Kwa hiyo, ndugu makatekista, mkimkuta mfiwa aliyekaa na macho makavu, msiseme hana uchungu. Wala msimlazimishe kusema yule ambaye ulimi wake umeshikana na kinywa. Mpeni maji kwanza, mkakae naye.