Mlango Haukubebwa: Useremala wa Kasongo na Kabambare na Nafasi Yake katika Nyumba za Leo

Mwezi Aprili 1893 majeshi ya Dola Huru ya Kongo, yakiongozwa na Francis Dhanis, yaliuteka mji wa Kasongo. Daktari wa kikosi hicho, Sidney Langford Hinde, aliyechapisha kumbukumbu zake za vita mwaka 1897, anaeleza kwa mshangao jinsi hata askari wa kawaida walivyojikuta wakilala juu ya vitanda vya kuchongwa na magodoro ya hariri, na jinsi chumba alichojitwalia yeye mwenyewe kilivyokuwa na mlango unaotokea kwenye bustani ya michungwa. Tangu hapo maelezo hayo yamekuwa yakirejewa kama ushahidi wa anasa ya "Waarabu" wa Maniema. Lakini lipo swali la kawaida zaidi, nalo ndilo linaloshughulikiwa na makala haya: vitanda na milango hiyo ilitengenezwa wapi, na kwa mikono ya nani?

Jibu la sehemu ya kwanza limo katika uzani. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200. Kisha huvukwa Ziwa Tanganyika, hupandwa milima ya magharibi, hupitwa Kabambare, ndipo hufikwa Kasongo. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa takriban frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na kila kichwa kilichokwenda bara kilibeba kitu chenye faida: vitambaa, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Mlango wa mti mgumu pamoja na miimo na vizingiti vyake ungehitaji wapagazi kadhaa, na mwisho wa safari usingeweza kubadilishwa kwa pembe hata moja. Kwa hiyo ni vigumu kuamini kwamba samani za Kasongo zilisafirishwa kutoka pwani. Kilichoweza kusafiri ni tezo, patasi, keekee na jino la msumeno. Vyuma vyepesi, pamoja na fundi aliyejua kuvitumia.

Fundi huyo hakukuta nchi isiyojua mti wala nyumba. David Livingstone, aliyekaa Bambarre (ndiyo Kabambare) kwa miezi mingi mwaka 1870 akiuguza vidonda vya miguu, aliandika juu ya vijiji vya Wamanyema vyenye nyumba zilizojipanga kwa mistari, kuta zake za udongo, na njia zake zikielekea mashariki na magharibi ili jua lipate kukausha unyevu. Wagenya wa Mto Lualaba walichonga mitumbwi ya gogo moja iliyobeba misafara yote iliyovuka mto huo, na bila hiari yao biashara ya ng'ambo isingekuwepo. Wabangubangu na jirani zao Wahemba na Wabuyu walikuwa wachongaji wa sanamu na viti ambavyo leo vimo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Palikuwa na jicho, palikuwa na tezo. Kilichoongezwa na watu wa pwani ni jambo moja mahususi: kuunga ubao na ubao. Mtumbwi hutolewa ndani ya gogo kwa kupunguza. Mlango hujengwa kwa kuunganisha. Hapo ndipo uchongaji unapoachana na useremala.

Sehemu ya pili ya swali haina raha. Kasongo ya Hamed bin Muhammad el-Murjebi, maarufu Tippu Tip, na ya mwanawe Sefu, ilijengwa kwa kazi ya watumwa na wafuasi. Vijana wa Maniema walitwaliwa katika uvamizi, wakaingizwa katika nyumba za mabwana, wakafunzwa lugha, dini na kazi, na baadhi yao wakaja kuitwa waungwana. Lugha ya bara ikapata jina lake, Kingwana, kutokana na watu hao. Ni dhahiri kwamba mikono iliyoshika patasi ilikuwa kwa sehemu kubwa mikono ya wenyeji. Wanaoukataa ufundi huu kwa kuuita urithi wa wafanyabiashara ya watumwa wana hoja nzito. Hata hivyo, hoja hiyo hiyo ikifuatwa hadi mwisho, huwanyang'anya mafundi hao mara ya pili. Walinyang'anywa uhuru kwanza, na sasa wananyang'anywa kazi yao.

Inafaa kueleza ufundi wenyewe, kwa kuwa thamani yake imo humo. Mlango wa jadi wa Kiswahili hauhitaji bawaba. Ubavu wa kila ubawa huachiwa ncha mbili, moja juu na moja chini, zinazozunguka ndani ya matundu ya vizingiti. Mbawa mbili hukutana kwenye mfaa, na komeo la mti hulifunga jumba kwa ndani. Katika fremu, ncha ya ubao mmoja hupunguzwa ikawa ulimi, ukaingizwa katika tundu lililotobolewa kwenye ubao wa pili, kisha kigingi cha mti mkavu hupigwa kuvikata vyote viwili. Mti hauongezeki wala kupungua kwa urefu wake, bali kwa upana wake, masika unapovimba na kiangazi unaponywea. Ubao uliobanwa kwa misumari hupasuka. Ubao ulioachiwa nafasi ndani ya mfuo wake hucheza, usipasuke. Mvule, ambao mchwa hawaupendi, ukiungwa hivyo huishi kuliko ukuta wa udongo unaouzunguka. Nyumba ikianguka, mlango hung'olewa ukasimamishwa katika nyumba mpya.

Mji wenyewe ulihama. Kasongo ya zamani ikaachwa ikaitwa Tongoni, jina lile lile linaloitwa magofu ya karibu na Tanga, kwani tongo ni kiwanja kilichohamwa. Reli ya Kindu na Kongolo ilipokamilika, misumari na bawaba za kiwandani zilipata njia nyepesi. Karakana za misheni zilifundisha useremala wa Kizungu, madawati ya shule na madirisha ya vioo, na fundi mbao akaanza kuitwa kwa neno la Kifaransa, menuisier. Ufundi haukufa kwa mabadiliko hayo. Ulibadili meza tu. Ulimi na tundu vilikuwepo pia katika useremala wa wamisionari.

Tishio la kweli ni la karibu zaidi. Nyumba ya kisasa ya matofali ya kuchoma na mabati huomba mlango wa chuma uliochomelewa, au wa mbao mbichi zilizopigiliwa misumari juu juu. Wa kwanza huonekana salama, na katika eneo lililopitia vita vya 1996 hadi 2003 hakuna wa kumlaumu anayeuchagua. Lakini chuma hushika joto, hupata kutu, na chahitaji umeme na vifaa vinavyotoka mbali. Barabara zikikatika, bidhaa za namna hiyo ndizo za kwanza kuadimika. Mlango wa mbao mbichi ni mbaya kuliko yote: mwaka wa kwanza hufunga, wa pili hauingii.

Unguja na Lamu haziwezi kuwa kielelezo hapa. Huko mlango wa nakshi umelindwa na sifa za Mji Mkongwe, uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2000, na za Lamu, mwaka 2001; wanunuzi ni mahoteli na wageni. Kasongo haina watalii, na nakshi peke yake haitampa fundi chakula. Kinachoweza kuuzwa huko ni kiungo, si ua lililochongwa juu yake: dirisha lisilopinda, kitanda kisicholia, mlango utakaorithiwa. Bei yake ni kubwa mwanzoni kwa sababu mbao lazima zikaushwe kivulini kwa miezi, na mteja anayejenga kwa haraka hakubali kungoja.

Mwanafunzi wa useremala naye hangoji. Kupiga msumari hujifunzwa kwa siku moja; kutoboa tundu lililonyooka kwa patasi huchukua misimu, tena chini ya fundi mzee anayekataa kazi na kuirudisha. Pamoja na mzee huyo huondoka pia maneno. Kijana aliyezoea kuchomelea hana haja ya mwimo wala mfaa. Kwake kuna fremu na mlango, basi. Katika kamusi maneno hayo yatabaki. Katika karakana za Kasongo na Kabambare yanaishi maadamu yupo mtu anayenyoosha mkono na kumwagiza mwanafunzi wake amletee.