Wakili: Neno la Pwani na Masharti ya Mahakama

Neno wakili lilikuwako pwani kabla ya mahakama za Kiingereza. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni mtu aliyekabidhiwa jambo na mwenzake. Bwana harusi aliye safarini aweza kumtuma wakili ampokelee ndoa. Mfanyabiashara aweza kumwachia wakili mali yake. Wakili huyo hakuulizwa cheti. Mamlaka yake yalitoka kwa aliyemtuma, nayo yalikoma alipoyaondoa.

Katika Tanganyika ya Waingereza neno hilo lilivishwa kazi nyingine. Wakili wa mahakamani akawa mtu ambaye jina lake limeandikwa katika orodha ya Mahakama Kuu. Asiyeandikwa, hata mwenye kesi angemwamini namna gani, hakuwa wakili. Na mlango wa orodha hiyo ulikuwa mbali. Nchini hapakuwa na chuo cha sheria, na njia iliyozoeleka ilikuwa kwenda London kujiunga na Lincoln's Inn, Inner Temple, Middle Temple au Gray's Inn. Huko mwanafunzi alifanya mitihani, tena alilazimika kula chakula cha jioni ukumbini mara kadhaa kila muhula. Asiyetimiza hesabu ya karamu hizo hakupokewa, hata akifaulu mitihani yote. Kwa wenyewe desturi hiyo ilikuwa na maana, kwani zamani wanafunzi walijifunza kwa kukaa pamoja na wakubwa wao. Kwa kijana wa Bukoba au Lindi, maana yake ilikuwa nauli ya meli na gharama za miaka ya ugenini. Si ajabu basi kwamba hata Uhuru ulipofika mwaka 1961, Waafrika waliokuwamo katika orodha walikuwa wachache mno.

Mwaka 1960 kamati iliyoongozwa na Lord Denning iliangalia elimu ya sheria kwa wanafunzi watokao Afrika. Kasoro moja ilikuwa wazi: aliyesomea London alitayarishwa hasa kusema mbele ya jaji, hali huku kwetu wakili yuleyule huandika pia mikataba na hati za ardhi. Oktoba 1961 chuo kikuu kikafunguliwa Dar es Salaam, katika jengo la TANU, kwa wanafunzi 14, wote wa sheria.

Lakini shahada peke yake haikumwingiza mtu katika orodha. Hapana budi apate mafunzo ya kazi, kisha ampelekee Jaji Mkuu maombi yake. Na kwa sheria ya mwaka 2007 mafunzo hayo yalipewa Shule ya Sheria ya Tanzania.

Lugha ndiyo iliyochelewa. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, baada ya mawakili wa miaka sitini kufundishwa sheria kwa Kiingereza. Vitabu vyao vingi vingali katika lugha hiyo, na mteja hulazimika kumwuliza wakili wake, wakitoka nje, ni nini kilichosemwa kwa niaba yake.