Ganzi ya Mkono na Majina Yake

Hivi karibuni ililetwa mezani petu rasimu ya kijitabu cha afya, ambamo mfasiri ameuita ugonjwa wa kubanwa mshipa wa fahamu katika kifundo cha mkono "ganzi ya akina mama". Jina hilo latamkika vizuri, lakini lina historia yenye hasara.

Mwaka 1880 James Putnam wa Boston alieleza wagonjwa 37, wengi wao wanawake, walioamshwa usiku na ganzi ya mikono. Mwaka 1893 Schultze wa Ujerumani aliipa hali hiyo jina lililotaja hisia tu: ganzi ya ncha za viungo. Jina la namna hiyo halimwelekezi tabibu mahali popote. Wakalaumu mishipa ya damu, kazi za nyumbani, hata mbavu za shingoni. Marie na Foix wa Ufaransa walikwisha kuonyesha mwaka 1913, kwa kupasua maiti, kwamba mshipa hubanwa chini ya utepe mgumu unaouezeka mfereji wa kifundo, wakashauri utepe huo ukatwe. Ushauri wao ulilala miaka mingi. Ni baada ya makala ya Brain na wenzake wa London mwaka 1947, na kazi ya Phalen huko Marekani katika miaka ya 1950, ndipo jina la mahali lilipoenea, na kisu kikalifuata.

Upasuaji wa tundu dogo, kwa msaada wa kamera, ulianzishwa na Okutsu wa Japani katika miaka ya 1980. Chow na Agee wa Marekani wakaleta njia zao. Utepe unaokatwa ni ule ule. Mgonjwa hurudi kazini mapema kidogo, ila baada ya miezi kadhaa nafuu hulingana na ile ya mpasuo wa kawaida.

Na jinsia je? Wanawake huugua zaidi. Lakini baada ya upasuaji wengi hupata nafuu, wanaume kwa wanawake. Linalopunguza tumaini zaidi ni kuchelewa mpaka msuli wa shina la kidole gumba unywee. Seremala anayesoma "ya akina mama" atachelewa.

Tumependekeza "mbano wa mfereji wa kifundo cha mkono". "Kiwiko" tumekikataa, kwani wengine hukitumia kwa maana ya kisugudi, na mpasuaji hapaswi kubahatisha. Rasimu imerudishwa kwa mfasiri.